Vyumba Sita, Mafungu Manane

Rangi huwa nyekundu, mara chache nyeusi. Herufi huanza kwa ukubwa upande wa kushoto wa mlango, kisha hubanana kadiri zinavyokaribia pembe ya ukuta, kwa kuwa aliyeandika hakupima nafasi. NYUMBA HII HAIUZWI. Chini yake, pengine kwa mkono mwingine na katika mwaka mwingine, pameongezwa: OGOPA MATAPELI. Anayetembea kwa miguu kutoka Kinondoni Mkwajuni hadi Magomeni, au kutoka Tandika hadi Temeke Mikoroshini, huyakuta maandishi haya mara kadhaa kabla hajafika aendako.

Mwenyeji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa maana yake. Ukuta ule unasema kwamba humo ndani yupo mtu anayeogopa kuamka asubuhi na kukuta nyumba yake imeshauzwa. Na mara nyingi anayeogopwa ni wa humo humo: kaka, mtoto wa mke mkubwa, baba mdogo aliyekabidhiwa makaratasi siku ya msiba akayafungia kabatini kwake.

Makala haya yanahusu nyumba hizo, zile zilizoandikwa ukutani na zile ambazo dalali ameshaanza kuzipigia picha kwa simu. Hoja yake ni moja. Nyumba ya familia katika mitaa ya zamani ya Kinondoni na Temeke huuzwa kwa sababu warithi hawakuonyeshwa njia nyingine ya kugawana, wakati njia hiyo imo katika sheria za nchi na imekuwamo kwa zaidi ya miaka 20.

Nyumba yenyewe watu wengi wanaweza kuichora wakiwa wamefumba macho. Mbele kuna baraza ya saruji iliyong'arishwa na makalio ya watu wa miaka mingi. Mlango ni wa mbao. Ukifunguliwa, ukumbi unanyooka moja kwa moja mpaka uani, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, kila kimoja na pazia lake. Uani kuna jiko, bafu na choo, kamba za kuanikia nguo, ndoo za maji zilizopangwa kwa majina ya wenyewe, na mara nyingi banda la vyumba viwili lililoongezwa baadaye kwa kodi za wapangaji. Zamani kuta zilikuwa za fito na udongo, na paa la makuti. Likaja bati, kisha tofali la saruji. Ramani haikubadilika. Wasomi wa majengo huiita nyumba ya Kiswahili, na J. A. K. Leslie, ofisa wa kikoloni aliyechunguza maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam katika miaka ya 1950 na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1963, aliikuta ikiwa ndiyo nyumba ya mji: mwenye nyumba na wapangaji chini ya paa moja, wakipishana ukumbini.

Ubora wake uko katika jinsi inavyopanuka na kusinyaa bila fundi. Familia changa huchukua vyumba viwili na kupangisha vinne. Watoto wakikua, mpangaji mmoja huombwa kuhama na vijana hupewa chumba. Binti akiolewa, chumba kinarudi sokoni. Mzee akistaafu, kodi ya vyumba vitatu, inayolipwa kwa mkupuo wa miezi sita au mwaka, hufanya kazi ambayo pensheni haikuifanya. Chumba cha mbele hutobolewa kikawa fremu, na fremu hiyo ikalisha mjukuu mpaka akamaliza shule. Wako wengi leo wenye nyumba zao Goba na Kigamboni ambao usiku wao wa kwanza mjini waliulala katika chumba kimoja cha nyumba ya namna hii, Manzese au Keko, wakisikia redio ya jirani kupitia uwazi wa juu ya ukuta.

Mitaa hii ilipimwa. Jambo hilo husahaulika, kwa sababu neno uswahilini limekuja kumaanisha vurugu. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia serikali ya kikoloni iligawa viwanja Ilala, Magomeni na Temeke kwa ajili ya Waafrika waliokuwa wamejaa Kariakoo, na ikajenga kota zake katika maeneo hayo hayo. Mtu alipewa kiwanja, akajenga kwa nguvu zake. Shirika la Nyumba la Taifa lilipoanzishwa mwaka 1962, miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kubomoa nyumba za udongo na kuweka za tofali, ramani ikiwa ile ile ya ukumbi katikati. Katika miaka ya 1970 ukaja mradi wa viwanja uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ukazaa Sinza na Kijitonyama, na kuboresha Manzese, kisha Tandika na Mtoni. Kilichokuwa pembezoni mwa mji kikawa katikati. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na kiwanja cha Magomeni alichopewa karani wa bandari miaka 70 iliyopita sasa kipo dakika chache kutoka kituo cha mwendokasi.

Hapo ndipo bei inapoanza kuzungumza.

Sikiliza jinsi dalali anavyoinadi nyumba ya aina hii. Hataji ukumbi wala vyumba. Anataja umbali kutoka lami, upana wa barabara inayopita mbele, kama hati ipo, kama gari kubwa linaweza kugeuza. Kisha anamalizia kwa maneno mawili yanayofuta miaka 60 ya maisha ya watu: nyumba ya kuvunja. Mnunuzi ananunua ardhi. Kilicho juu yake ni kifusi ambacho bado hakijaanguka.

Linganisha na Mombasa. Katika mitaa kama Majengo, nyumba ya vyumba sita ya ramani hii hii imekuwa ikiuzwa na kununuliwa kwa vizazi bila ardhi iliyo chini yake. Mwenye nyumba ana kuta na paa, mwenye ardhi ni mtu mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Mpango huo una machungu yake mengi, na Wakenya wa pwani wameyalalamikia kwa miaka. Lakini unaonyesha jambo moja: kule nyumba ina thamani ikiwa nyumba. Huku kwetu ardhi ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini, na mwananchi anashika haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Kwa maandishi hakuna anayenunua ardhi. Kwa vitendo, mnunuzi wa Magomeni hanunui kitu kingine chochote.

Sasa turudi ndani, kwenye familia. Tuchukue mfano ambao mtu yeyote aliyewahi kukaa kikao cha mirathi atautambua. Mzee amefariki. Ameacha mjane, wana wawili na mabinti watatu. Ni Waislamu, kama zilivyo familia nyingi za mitaa hii, na wamekubaliana mirathi igawanywe kwa sheria ya dini. Mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Kinachobaki hugawanywa kwa watoto, mwana akipata mara mbili ya binti. Piga hesabu: mama fungu moja, kila binti fungu moja, kila mwana mafungu mawili. Jumla manane kamili. Nyumba ina vyumba sita, na banda la uani ni vyumba viwili. Vyumba vinane, mafungu manane.

Hesabu inatulia hivyo kwenye karatasi. Kwenye kikao hali ni nyingine. Arobaini imekwisha, mikeka imerudishwa msikitini, na kaka mkubwa anakohoa kidogo kabla ya kusema.

"Mama, sisi tumekaa tukaona bora tuuze, kila mtu apate chake."

"Na mimi nikae wapi, mwanangu?"

"Utakuja kwangu, mama. Au tutakutafutia chumba kizuri."

Kila anayesoma ana sura ya mtu anayemkumbuka hapo. Na haifai kumwona kaka huyo kuwa mwovu. Ana ada ya shule, ana deni, bodaboda yake imeshikiliwa, na fungu lake limelala kwenye kuta ambazo hawezi kuzila. Dada aliyeolewa Tanga hapati chochote kutokana na kodi, kwa sababu kodi inaishia kwa anayekaa pale. Paa linavuja, na hakuna anayetaka kuweka bati jipya juu ya nyumba ambayo ni ya watu wote, kwa hiyo si ya mtu. Wanaoona kuuza ni usaliti wa ukoo wangesaidia zaidi kama wangesema bati litanunuliwa na nani.

Tuseme basi imeuzwa, kwa hesabu ya mfano, shilingi milioni 160. Fungu moja ni milioni 20. Dalali ametoa chake, wakili chake, kuna kodi za kulipa serikalini, na mama anabaki na pungufu ya milioni 20 kununua mahali pa kuishi katika jiji hili. Atapata, ndiyo. Atapata Chanika, au mbele ya Chamazi, kiwanja ambacho daladala inaishia kilomita kadhaa kabla yake. Hospitali ya Temeke aliyoizoea kwa kliniki ya sukari inakuwa safari ya nusu siku. Msikiti wake, kikundi chake cha kufa na kuzikana, muuza samaki anayemkopesha, mpangaji aliyekuwa akimpigia simu mwanawe usiku presha ikipanda: vyote hivyo havikuwemo kwenye mafungu manane, na hakuna aliyemlipa kwa kuvipoteza.

Baadhi ya familia, zikikataa kuuza yote, huikata nyumba. Ukuta wa tofali unapandishwa katikati ya ukumbi kuanzia mlangoni mpaka uani. Ukumbi uliotosha watu wawili kupishana na ndoo unakuwa vichochoro viwili ambavyo mtu mnene hupita ubavuubavu. Dirisha la chumba cha mbele linatobolewa liwe mlango wa pili. Sasa zimekuwa nyumba pacha: vyumba vitatu vya kaka, vitatu vya dada. Kisha siku moja upande mmoja unabandikwa tangazo: nusu nyumba inauzwa, vyumba vitatu, uani upo.

Kuna nyumba pacha zilizochorwa na msanifu tangu mwanzo, hasa katika makazi ya watumishi wa serikali na mashirika ya umma. Kila upande una choo chake, maji yake, mlango wake wa nyuma, na ukuta wa kati umejengwa kuanzia msingi hadi kenchi ili sauti na moto visivuke. Nyumba iliyokatwa kwa ugomvi haina hata kimoja cha hivyo. Choo kimebaki upande wa kulia, mita ya umeme upande wa kushoto. Paa ni moja, na mvua ya masika ikivujia kwa mdogo, mwenye kupaswa kupanda ni mkubwa. Kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kwenye LUKU, inamwangukia yule aliyebaki na mita. Na kubwa kuliko yote: kiwanja ni kimoja, hati ni moja, na jina lililoandikwa humo ni la marehemu. Anayenunua nusu ile ananunua karatasi ya mauziano yenye mashahidi na muhuri, halafu anakaa nayo. Benki haiitaki. Mjukuu wa muuzaji anaweza kuja miaka 20 baadaye na wakili.

Hilo jina la marehemu ndilo shina la matatizo yote haya, na hapa mwandishi huyu angependa msomaji ashuke taratibu.

Mzee akifa, familia hukaa kikao, huandika muhtasari, humteua msimamizi wa mirathi, na kwenda mahakamani, kwa wengi Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi anathibitishwa na kupewa barua yake. Kwa kawaida watu huondoka hapo wakiamini kazi imekwisha, kumbe ndiyo imeanza. Kanuni za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971 zinamtaka msimamizi arudi na fomu mbili: Fomu Namba 5, orodha ya mali na madeni, aliyopaswa kuileta ndani ya miezi minne, na Fomu Namba 6, hesabu ya jinsi mali ilivyogawanywa. Fomu hizo mbili zikipokelewa, mirathi inafungwa. Zisipopelekwa, msimamizi anaendelea kuwa msimamizi mwaka hadi mwaka, na nyumba inaendelea kuwa ya mtu aliyezikwa. Katika pengo hilo ndimo nyumba huuzwa kimyakimya. Msimamizi ana barua yenye muhuri wa mahakama, ana hati, na mnunuzi mwenye haraka haulizi mama aliyekaa barazani ni nani.

Mama huyo ana historia yake kisheria, nayo inauma. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza, kugawa, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ni kinga nzuri. Imeandikwa, hata hivyo, kwamba ni wakati ndoa ikiwapo. Mume akiwa hai hawezi kuuza nyumba bila mama kukubali. Mume akifa, ridhaa hiyo inazikwa naye, na mtu aliyekuwa na sauti kamili juu ya nyumba nzima anageuka mwenye thumuni. Kwa familia zinazofuata mila, kanuni za urithi zilizotangazwa mwaka 1963 zilikuwa kali zaidi: mjane hana fungu marehemu akiwa na ndugu wa ukoo wake, na uangalizi wake uko kwa watoto. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ilitoa uamuzi dhidi ya Tanzania mwaka 2015 kwa ajili ya kanuni hizo, kufuatia malalamiko ya wajane wawili.

Lakini kuna jambo ambalo vikao vingi hulipita. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Lilikuwa shauri la talaka. Hata hivyo mantiki yake inafika mbali zaidi ya talaka. Mama aliyechota maji ya kufyatulia tofali, aliyewapikia mafundi, aliyeuza maandazi ili bati litimie, hakuwa mgeni katika nyumba ya mumewe. Sehemu ya nyumba ile ni yake kabla mirathi haijaanza kuhesabiwa. Mirathi ni mali ya marehemu, na mali ya mtu aliye hai haimo. Kwa hiyo swali la kwanza la kikao lingekuwa: humu ndani, kipi ni cha mama kwa jasho lake? Kitolewe. Kinachobaki ndicho kigawanywe mafungu manane, na katika hayo manane thumuni yake bado iko pale pale. Wapo masheikh na mawakili wanaolisema hili. Linastahili kusemwa kwa sauti kubwa zaidi, na lisemwe mzee angali hai, akiwa na uwezo wa kuandika kwa mkono wake nani alijenga nini.

Njia ya kugawana bila kuuza ipo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Inaruhusu watu kumiliki kwa pamoja, kila mmoja na fungu lake lililotajwa, katika hati moja. Mama moja ya nane, kila binti moja ya nane, kila mwana mbili za nane, majina yote sita yakaandikwa. Mwenye fungu hawezi kulipeleka kwa mtu wa nje bila ridhaa ya maandishi ya wenzake, na wenzake nao hawaruhusiwi kumnyima bila sababu ya maana. Akifa, fungu lake linakwenda kwa warithi wake. Kaka mwenye shida ya pesa anaweza kuwauzia dada zake mafungu yake mawili, hata kwa awamu, kutokana na kodi za wapangaji. Yeye anapata pesa, mama anabaki barazani. Na jina la mzee linatoka kwenye hati, ili mtu yeyote asiweze tena kulitumia.

Na kwa wale wanaotaka kukata kweli, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008 inatambua hati tofauti kwa sehemu tofauti za jengo moja. Imetumika zaidi kwenye maghorofa. Nyumba pacha ya Temeke, ikikatwa kwa ramani iliyoidhinishwa, kila upande na choo na mita yake, na makubaliano ya maandishi juu ya paa na ukuta wa kati, ina sababu ile ile ya kupata hati mbili. Wizara ya Ardhi ingefanya kazi ya thamani kuandaa ramani ya mfano ya kukata nyumba ya vyumba sita, yenye gharama ambayo muuza genge anaimudu, na kuibandika katika kila ofisi ya serikali ya mtaa.

Atakayesema hayo ni mengi mno kwa nyumba kuukuu akumbuke Magomeni Kota. Kota zile zilikuwa chakavu kweli, zikavunjwa, na kaya 644 zikatawanyika mjini zikisubiri. Hawakuwa na hati. Walikuwa na madai tu ya kuwa wamekaa pale muda mrefu. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliahidi watarudi, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua majengo ya ghorofa yaliyojengwa na Wakala wa Majengo, yenye nyumba 644, idadi ile ile ya kaya zilizoondoka. Ilichukua kama miaka kumi, na katika miaka hiyo wapo waliokufa kabla ya kurudi. Lakini serikali ilikubali hoja kwamba watu hawa ni wa hapa, na kwamba jengo likifika mwisho wa umri wake, watu wake hawalazimiki kufika mwisho nalo. Familia yenye hati ya kiwanja Kinondoni ina nguvu zaidi ya wale mara nyingi. Inachokosa ni mtu wa kuisaidia kupita ofisi tatu bila kuchoka.

Zipo nyumba za kuuzwa. Warithi wakiwa wamefika 40 katika kizazi cha tatu, wengine Muscat, wengine Mwanza, hakuna aliyebaki anayekaa pale, na msingi umeliwa na maji ya chumvi, kuuza ni uamuzi wa busara. Ziuzwe basi hadharani: mthamini aliyesajiliwa aseme bei, pesa ziingie kwenye akaunti ya mirathi, kila mrithi asaini mbele ya mwenzake, na mahali pa mama pawe pamenunuliwa kwanza, pakiwa na jina lake, kabla mpangaji wa mwisho hajapewa notisi. Pesa zikishapita mkononi mwa mtu mmoja, familia hiyo itazungumza juu ya mikono hiyo kwa miaka 30.

Nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere pale Magomeni kabla ya Uhuru imehifadhiwa kama makumbusho. Wanafunzi huletwa kuiona, na wengi hustaajabu jinsi ilivyo ya kawaida. Majirani zake wa enzi zile waliishi katika nyumba ambazo hazitahifadhiwa na yeyote isipokuwa wajukuu wao.

Temeke sasa kuna Kituo Jumuishi cha Mahakama kinachoshughulikia masuala ya familia, mirathi na ndoa, ngazi mbalimbali za mahakama zikiwa chini ya paa moja. Ni mabadiliko makubwa kwa wajane waliokuwa wakizunguka kutoka jengo hadi jengo na bahasha ya kaki kwapani. Asubuhi utawaona kwenye mabenchi, mama katikati, watoto wakubwa pande zote mbili, baba mdogo amesimama. Wakitoka na barua ya usimamizi, wanapita getini, na safari ya kwenda ofisi ya ardhi inaahirishwa mpaka mwezi ujao, kisha mpaka baada ya Ramadhani, kisha haifanyiki. Mahali pa kuweka meza ya afisa ardhi ni pale pale, kabla ya geti: achukue nakala ya hati, asome majina sita na mafungu manane, afungue jalada la kuhamisha umiliki siku hiyo hiyo, na aandike kwenye daftari la kiwanja kwamba hakiuzwi mpaka Fomu Namba 6 ifike.